Chini ya Kawa

Siku Ami Machano alipomtuma Shemsa, mtoto wa ndugu yake, kwenda kumposea mke, hakumtazama usoni. Alijifanya anatafuta kiatu chake, na kiatu chenyewe kakivaa. Alisema, huku kaupa mgongo mlango, kwamba Shemsa akipita kwa Bi Tabia, na si lazima apite leo, wala si lazima apite kwa ajili hiyo tu, lakini ikitokea amepita, basi amuulize kama mtu mwenye mguu mmoja mbovu na paa lisilovuja anaweza kufikiriwa.

Shemsa alipita saa ile ile. Nyumba ya Bi Tabia ilitazamana na yao, katikati uchochoro tu, mwembamba hata huku wakikaanga pilipili, kule wanapiga chafya. Bi Tabia alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ndogo, na kutwa alikaa dirishani anasuka ukili wa mikeka. Aliisikiliza posa yote bila ya vidole kusimama. Alipofika mwisho wa ukili, akaukata kwa meno, akasema:

"Mwambie mimi mtu simtaki kwa mguu wala simkatai kwa mguu. Marehemu alikuwa nayo yote miwili, na kila Ramadhani ilikuwa inampeleka jikoni mchana, anakula kajificha nyuma ya pipa la maji. Nshachoka kusikia mwanamme anatafuna mchana. Ami yako afunge mwezi huu unaokuja, wote, asiache hata siku moja. Kisha aje sikukuu pili, tuzungumze."

Shemsa alirudi anacheka. Alicheka uchochoroni, akacheka mlangoni, akapanda ngazi anacheka, na alipofika ngazi ya juu kicheko kikamkauka, maana hapo ndipo alipoikumbuka dawa.

Maana Ami Machano hakuwa amefunga Ramadhani tangu alipoanguka. Alikuwa fundi wa mapaa ya chokaa, na siku moja paa la watu lilimtema mpaka chini. Mguu ulivunjika, na mwenye duka mmoja akampa kasumba, ile afyuni, ya kutuliza maumivu. Mguu ukaunga, japo upande, lakini kasumba ikabaki. Miaka ikapita Ami yuko barazani, anasinzia kama paka aliyeshiba, chokaa na mwiko vimelala uvunguni. Yalipokuja Mapinduzi duka lile likafungwa, kasumba ikaadimika, na Ami akaugua kwa kuikosa hata majirani wakaja kumsomea Yasini. Shemsa ndiye aliyembeba, kwa maneno na kwa mabega, mpaka zahanati iliyo nyuma ya soko. Daktari mgeni wa pale alimpima, akasema kupitia mkalimani kwamba mwili huu ukinyang'anywa yote kwa mara moja utaanguka tena, na safari hii si kutoka paani. Bora apewe kidogo, kila siku, kipimo kile kile, saa ile ile, mbele ya macho ya anayempa. Si ya kulewa, alisema. Ni ya kusimamia.

Na kweli Ami akasimama. Kila asubuhi Shemsa alimsindikiza, na aliyewauliza aliambiwa ni mguu. Mtoa dawa, kijana aitwaye Simai, alikuwa akidondosha matone ya rangi ya chai katika bilauri ndogo ya maji, Ami anakunywa, anafungua kinywa kuonesha kuwa kameza, kama mtoto anayeonesha jino lililong'oka, kisha huyo, anachechemea kwenda kwenye mapaa yake. Alirudi kufanya kazi. Alirudi kuimba akiwa kazini. Mtaa mzima ulimsikia kule juu anaimba vibaya, na mtaa mzima ukasema Machano kaiacha kasumba kwa nia tu, mwanamme huyo. Hakuwakatalia. Sifa zile zilimwingia vizuri, na siku zilivyopita zilizidi kuwa ngumu kurudishwa.

Sasa mtu wa namna hiyo atafungaje, na dawa yake inanywewa asubuhi?

Shemsa alikwenda kumuuliza Simai. Huyu alikuwa kijana wa Paje, mrefu, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo inakata, na maneno yake machache kama mtu anayeyanunua. Akihesabu matone midomo ilikuwa ikicheza bila ya sauti. Shemsa alikuwa ameiona midomo ile asubuhi nyingi, na hakuwa amemwambia mtu kwamba aliitazama.

Simai hakucheka. Alikwenda kuuliza kwa daktari, akarudi na jibu: saa inaweza kuhamishwa, lakini si kwa kuruka. Isogezwe kidogo kidogo siku hizi za mwisho za Shaabani, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, kutoka adhuhuri mpaka alasiri, mpaka ifike magharibi. Ila magharibi zahanati imefungwa, na dawa ile haipewi mtu akaenda nayo nyumbani. Anayeimimina lazima aione inamezwa.

"Basi ntakuja nayo mwenyewe," alisema Simai, na masikio yakamwiva.

Likabaki swali la njia. Mtoa dawa hawezi kupita vichochoro vya mjini na chupa mkononi kila jioni bila ya kuulizwa anamtibu nani. Simai alilifikiri jambo hili siku nzima, na jawabu alilokuja nalo lilimpendeza mno. Mwezi wa Ramadhani, alisema, magharibi mji mzima unapita na vyakula vilivyofunikwa. Ataiweka chupa na bilauri juu ya sinia, atafunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Nani atamtazama mara mbili mtu aliyebeba kawa?

Shemsa alihisi kuna kitu hakijakaa sawa katika hesabu ile, lakini hakujua ni kitu gani, na Ami kwa furaha alikuwa keshaanza kupiga pasi kanzu.

Mwezi ukaonekana. Siku ya kwanza Ami alimuuliza saa kila aliyepita, mpaka muuza maji akamwambia saa haziendi kwa kuulizwa. Alasiri alijilaza ubavu, akageuka ubavu wa pili, akaamka, akazihesabu boriti za dari, akasema moja imeongezeka. Lakini jasho lile baya halikumtoka wala mifupa haikumlilia. Kabla ya adhana hodi ikabishwa, akaingia Simai na sinia kichwani na kawa juu yake, nyekundu na nyeusi, kubwa kama kuba la msikiti. Adhana ikalia. Ami akala tende, akanywa maji, akanywa matone yake, akafungua kinywa. Kisha akakaa kimya, kajishika magoti, anatabasamu peke yake.

"Nimefunga," alisema. "Shemsa, mimi nimefunga."

Haikuwa heshima kumtoa mtu nje na adhana imelia, kwa hiyo Simai akakaa akafuturu nao. Na kesho yake vivyo hivyo. Na keshokutwa.

Kosa ambalo Shemsa hakuliona aliliona Bi Mize, jirani wa ghorofa ya juu, ambaye dirisha lake halikuwa na pazia kwa sababu pazia lingemzuia. Sahani za Ramadhani, kila mtu anajua, hubebwa na watoto na wanawake, leo nyumba hii, kesho ile. Kijana mwanamme, kanyoa, kapiga pasi, anayeleta kawa kwenye mlango ule ule kila magharibi, nyumba yenye msichana, akakaa akala, huyo si jirani. Huyo ni mchumba anayepeleka futari ukweni. Tena kaja mwenyewe, alisema Bi Mize, hakutuma dada wala shangazi. Mapenzi gani hayo, ya kubeba sinia kichwani?

Siku ya nne uchochoro wote ulishajua. Mwaka ule vitu vilikuwa shida, sukari kwa foleni, unga wa ngano kwa foleni, kwa hiyo baada ya kuulizana nani, watu waliulizana nini. Kawa kubwa kama ile ina nini ndani? Mmoja akasema samli. Mwengine akasema si samli, ni halua, harufu kaisikia mwenyewe. Bi Mize akaapa ni mkate wa mayai, na kwa mtikiso wa sinia aliweza kusema na mayai mangapi.

Shemsa alikanusha mpaka koo likamkauka, na kila akikanusha walimtazama kwa huruma, wakasema ana haya, kalelewa vizuri. Alipokwenda kwenye foleni ya sukari wanawake walimsukuma mbele. Mpisheni bi arusi, walisema, nyumba yake ina mgeni. Akarudi na sukari kabla ya jua kupanda, akashindwa kujua kama alie au apike kaimati. Alipika kaimati.

Simai naye huko zahanati alizongwa na bibi wazee waliokuja kutibiwa vifua, wakimuuliza lini. Hakuweza kusema anakwenda kumpa mtu dawa, maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hakuweza kusema haendi, maana kaonekana. Kwa hiyo alijibu, "Inshallah." Jawabu hilo peke yake lilitosha kutandika busati la arusi.

Aliyemuumiza Shemsa ni Bi Tabia. Bi Tabia alifurahi. Alimwita dirishani, akampa tambi za nazi za mkwe, akamwambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba mama yake Shemsa ni marehemu, basi likifika la kufika, yeye atakaa upande wake. Kisha, akiutazama ukili, akauliza kama Ami bado anafunga. Shemsa akasema anafunga. Bi Tabia akasema anamsikia mchana anaimba paani, na anayeimba hivyo mchana kinywani hana kitu. Akacheka, mabega yakamtikisika.

Usiku huo Shemsa alimwambia Ami kwamba mambo yamefika pabaya na njia ni moja, kusema kweli. Ami aliinama.

"Nikisema, wataniona yule yule wa barazani," alisema. "Na yeye ataniona yule yule. Niache niumalize mwezi, mwanangu. Nikishaumaliza nitasema."

Shemsa akamwacha. Ila tangu siku ile kila Simai alipoingia na kawa, Shemsa alikuwa hajui atazame wapi, na Simai vile vile, na wote wawili wakawa wanaitazama chupa.

Kumi la mwisho likaingia, na mvua za vuli nazo. Jioni moja maji yanamwagika kwenye mapaa kwa ndoo, saa ya kutia viungo kwenye uji, mlango ukagongwa kwa ngumi. Akaingia mwanamke mfupi, kalowa chapa, na kikapu kikubwa kuliko yeye. Nyuma yake Bi Mize, ambaye alikuwa amemwonesha njia bila ya kuombwa.

Mgeni alijitambulisha kabla ya kukaa. Yeye ni Bi Mwanapili, wa Paje, mama yake Simai. Habari za kawa zimemfikia kwa gari la shamba, abiria mmoja baada ya mwengine, mpaka aibu imemshika: mwanawe analisha nyumba ya watu mjini mwezi mzima, samli na halua na mkate wa mayai, na yeye mamake anafuturu muhogo na hajaambiwa hata jina la msichana. Hakuja kugombana. Kaja kuposa kama watu, na pweza mkavu na boga lake. Akaweka boga katikati ya jamvi kama hati.

Ami Machano alisimama, akakaa, akasimama. Shemsa alimwamkia mgeni shikamoo, akapata marahaba ndefu iliyompima kutoka utosini mpaka kisigino. Bi Mize, bila ya kungoja, alikwenda dirishani akampigia ukelele Bi Tabia aje, upande wa msichana hauna mwanamke, na Bi Tabia akavuka uchochoro na kanga kichwani, akakaa upande wa Shemsa kama alivyoahidi. Mazungumzo yakaanza hapo hapo. Mahari yalikuwa yameshaguswa, na boga limeshasifiwa, hodi ya Simai ilipolia.

Aliingia na kawa. Akamwona mama yake. Akataka kurudi nyuma, lakini mtu mwenye sinia kichwani harudi nyuma kwa urahisi katika mlango wa Kizanzibari.

"Pita baba," alisema mama yake. "Tua. Funua na sie tuone."

"Mama, hiki si..."

Mama yake alishatua sinia na kufunua kawa mwenyewe. Juu ya sinia, katikati ya eneo lote lile lililotosha mbuzi, ilikaa chupa ndogo nyeusi, na bilauri, na kijiko.

Bi Mize, aliyehesabu mayai mwezi mzima, alichungulia ndani ya kawa kama yamebaki humo. Kisha Bi Mwanapili akaikamata chupa, akaizibua, akainusa, na uso ukambadilika.

Dawa ya mapenzi, alisema. Alijua. Alijua tangu Paje kwamba mtoto wake, asiyeweza kumwambia muuza ndizi habari za asubuhi, hawezi kubeba sinia kichwani kwa akili zake. Ama kalishwa, ama analishwa, na leo kamkamata mchawi na kifaa chake. Simai akanyoosha mkono, akaurudisha. Siri ya mgonjwa haikumruhusu kusema iliyomo chupani ni nini. Bi Mwanapili alikuwa keshafika dirishani, mkono na chupa nje, tone la mvua linapiga mdomo wa chupa. Na mbali, kupitia mvua, adhana ikaanza.

Shemsa alimtazama Ami. Alijua, na Ami alijua, chupa ile ikimwagwa, kesho ataamka anatetemeka, na adhuhuri haitamkuta na saumu. Mwezi wote ule ungekwenda na maji ya uchochoroni, na sikukuu pili pamoja nao.

"Usimwage," alisema Ami Machano. "Dada yangu, usimwage. Yangu hiyo."

Alivuka chumba akichechemea, akaipokea kwa mikono miwili, akampa Simai. Kisha akageuka, si kwa Bi Mwanapili wala kwa Bi Mize, bali kwa Bi Tabia, akamwambia yote, haraka, kama mtu anayepitisha mikono kwenye moto. Kwamba kasumba hakuiacha kwa nia. Kwamba kila siku anapewa kipimo chake cha dawa, na kwa kipimo hicho ndiyo anapanda mapaa. Kwamba kijana hakuja kwa Shemsa hata siku moja, anakuja kwa ajili yake yeye mzee, ili aweze kufunga. Simai akahesabu matone, midomo inacheza. Ami akala tende, akanywa, na kwa mazoea, mbele ya wanawake wote wale, akafungua kinywa kuonesha kuwa kameza.

Bi Mize ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, akakizuia kwa kanga, kikatokea pembeni. Bi Mwanapili akamfuata, akakaa juu ya boga lake, machozi yanamtoka. Lakini Shemsa alikuwa akimwangalia Bi Tabia, na Bi Tabia hakuwa amecheka.

"Umefunga?" aliuliza.

"Nimefunga."

"Yote?"

"Tangu mwezi ulipoandama. Hii yote nakunywa jua likishazama."

Bi Tabia aliifikiri, kama anavyoufikiri ukili kabla ya kuukata.

"Marehemu alikuwa akila mchana, akijificha," alisema. "Wewe unakunywa magharibi, saa wanayokunywa watu wote. Sasa unajificha nini?"

Bi Tabia akamsogezea bakuli la uji, akamwambia ale kabla haujapoa, na sikukuu pili asichelewe. Ndipo na yeye mabega yakaanza kumtikisika, na hapo chumba kizima kikavunjika, hata Ami, uji ukamwagikia kanzu.

Aliyebaki na huzuni ni Bi Mwanapili. Alijifuta macho, akamtazama Shemsa kwa muda, kisha sinia tupu, kisha mwanawe.

"Na mimi nshawaambia gari zima nakwenda kuposa," alisema. Akakataa kabisa kurudi nalo boga.

Sikukuu mosi, baada ya sala ya magharibi, zahanati ilifunguliwa kidogo kwa ajili ya wachache wanaohitaji dozi zao. Sasa Ami alijua njia peke yake na alikuwa hana cha kuficha. Kutoka barazani watu walimpigia kelele kumuuliza kama anakwenda kunywa chai yake, naye akawajibu ndiyo, na nyinyi wenye mafua mnangoja nini. Bi Tabia alimfuata nyuma na buibui jipya, kwa heshima, hatua chache, aone tu hiyo bilauri iliyomfungisha mtu mwezi mzima. Hakukuwa na sababu hata moja ya Shemsa kwenda. Alikwenda.

Simai alikuwa nyuma ya meza, shati jipya, pasi ile ile. Alimwamkia Ami, akamwamkia Bi Tabia, akamwona Shemsa mlangoni kavaa gauni la sikukuu. Akachukua chupa, akaanza kudondosha matone. Midomo ilicheza. Ikasimama. Akatazama bilauri, akatazama dari. Akaimwaga, akaanza upya. Akafika katikati, akainua macho mara moja tu, na hesabu ikampotea tena.

Shemsa alikuwa akiyaona haya yote, kwa subira yake yote, na hakufanya lolote la kumsaidia.

"Hesabu vizuri baba," alisema Ami Machano. "Mwenzio kesho nna posa."

Bi Tabia akamshika Shemsa mkono, akamgeuza taratibu uso wake uelekee ukutani, ili Ami apate dawa yake.